Stesheneri inayorusha muvi na kushika vyeti vya watu: VPN inatosha?

Barabara12 (Tanga)

Habari za saa hizi wakuu. Ni stesheneri ndogo Ngamiani, Tanga mjini. Kompyuta tatu za mezani zenye Windows 10, RAM ya GB 4 kila moja, diski zile za kizamani za kuzunguka. Printa mbili, skana moja, intaneti ya rauta ya laini. Kazi ni kopi, kuprinti, kulaminisha, pasipoti saizi, na msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika tunajaza fomu za wanafunzi. Kwa hiyo humo ndani vinapita vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya kidato cha nne na nywila za watu. Kompyuta ya tatu, ya karibu na mlango, inarusha nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi. Zote tatu zimeunganishwa na zinafunguliana mafolda.

Windows na Office zote ni za kreki, yaani zimefunguliwa bila leseni. Kile kiprogramu cha kuziwezesha kilitaka antivairasi izimwe kwanza, ikazimwa.

Sasa jirani anasema weka VPN ya bure, mambo yote yamekwisha, hakuna atakayejua unapakua nini. Barazani nako wanabishana: mmoja asema kunakili wimbo si wizi kwani mwenyewe bado anao, mwingine asema huo ni wizi mchana kweupe, wa tatu asema faragha ni haki yangu na nipakuacho hakimhusu mtu. Naomba kujua hatari hasa iko wapi, na nianzie wapi kurekebisha kwa mtaji mdogo. Asanteni.

Fundi_Mabawa

Yakhe, nianze na VPN maana hiyo inakupa usingizi wa bure.

VPN inafanya kazi moja: inapitisha mawasiliano yako kwenye njia iliyofungwa mpaka kwenye seva ya mwenye VPN. Kampuni ya laini inaona unaongea na seva hiyo, haioni unatoka hapo kwenda wapi. Kile ilichokuwa inakiona, sasa anakiona mwenye VPN. Ukiingia Gmail ukiwa ndani ya VPN, Gmail inakujua vilevile, umejitaja mwenyewe kwa nywila. Na kirusi kilichokwisha kaa ndani ya kompyuta kinatuma vitu vyako nje kupitia njia hiyohiyo iliyofungwa, kwa raha zake.

Sasa hiyo ya bure. Seva zinalipiwa, bandwidi inalipiwa. Kama hulipi wewe, ujue kuna kitu chako kinachouzwa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na watumiaji wengi sana, ilikuwa inapitisha mawasiliano ya watu wengine kwenye laini za watumiaji wake na kuuza huduma hiyo kwa wanaolipa. Kubwa zaidi ni ile ya 911 S5, ambayo Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuivunja Mei 2024. Wenyewe walisambaza VPN za bure, MaskVPN na DewVPN zikiwemo, na pia waliibandika kwenye programu za kreki. Kila aliyeweka, kompyuta yake iligeuzwa mlango wa wahalifu: anwani za IP (namba zinazoitambulisha laini mtandaoni) zaidi ya milioni 19 duniani kote. Mtu anaiba kwa kadi ya benki akiwa mbali huko, alama zinazobaki ni za laini ya asiye na habari. Laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi la 2019, kwa hiyo anayeulizwa kwanza ni mwenye kidole.

Kuna na jambo la sheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wajisajili, mwisho ukawekwa tarehe 30 mwezi huohuo. VPN yenyewe ina matumizi halali mengi, ofisi na benki zinaitumia kila siku, lakini usiiweke dukani kimyakimya ukidhani ni antivairasi.

Kuhusu torenti, ile njia ya watu kupakuliana mafaili wenyewe kwa wenyewe, wengi hawajui hili: ukipakua, unasambaza papo hapo. Faili limekatwa vipande, na kila kipande ulichokwisha pata programu inawagawia wengine. Ndivyo Bram Cohen alivyoibuni mwaka 2001, na ndiyo maana ina kasi. Fungua orodha ya wanaoshirikiana nawe kwenye faili, utaona anwani zao za IP zote. Na wao wanaiona yako. Kwenye laini za simu wateja wengi hukaa nyuma ya anwani moja ya nje, na watu husema basi hapo siwezi kujulikana. Wa nje hakuoni peke yako, sawa, lakini kampuni yenyewe inaweza kuweka kumbukumbu ya nani alishika poti ipi (namba ya mlango wa mawasiliano) na saa ngapi.

Haya yote ni madogo ukilinganisha na ile antivairasi iliyozimwa. Hapo ndipo ningeanza leo, kabla ya kufungua duka kesho.

Kiprogramu cha kuwezesha Windows kikikuambia uzime ulinzi, mara nyingi hata ukiuwasha baadaye kinakuwa kimeacha "msamaha": folda fulani haikaguliwi tena milele. Fungua PowerShell kama msimamizi (usipofungua kama msimamizi haitakuonyesha), andika:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath

Ukiona C:\ nzima, au folda ya Temp, au AppData, ujue mlango uko wazi. Halafu angalia Task Scheduler: kazi yenye jina la kubabaisha inayoita faili kutoka AppData kila kompyuta inapowaka. Halafu faili la hosts kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc, ukikuta tovuti za antivairasi zimeelekezwa 127.0.0.1 ama 0.0.0.0, yaani zimezibwa zisifikike, kuna mtu hataki usasishe.

Vidudu vinavyopanda kwenye kreki siku hizi havipigi kelele. Vinakusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome pamoja na kuki za kuingilia (alama inayoiambia tovuti kwamba umeshaingia), vinatuma, vingine vinajifuta. Kuki ikiibwa, hata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS haisaidii, kwa sababu mwizi anaingia kama mtu ambaye tayari yuko ndani. Kwa hiyo usafi wake una mpangilio, na watu hukosea hapa: hubadili nywila kwanza kwenye kompyuta ileile chafu, nywila mpya nayo ikachukuliwa. Shika simu au kompyuta safi, badili nywila ya barua pepe, kisha tumia kile kipengele cha kutoka kwenye vifaa vyote. Baadaye ndio ufute diski na kuweka mfumo upya. Kuna na ile STOP/Djvu, inayofunga mafaili kisha inadai pesa, nayo ilienea sana kwa kreki. Ikiisha kufunga kwa ufunguo wa mtandaoni, ule unaotoka kwenye seva ya wezi, vyeti ulivyoskani na picha ulizotunza havirudi.

Dunda_Sanaa (Bagamoyo)

Ndugu Barabara12, fundi amemaliza upande wa mashine. Mimi nije kwenye kurusha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, Sura ya 218. Ulinzi unaanza kazi inapotengenezwa. Msanii asiyejisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, bado ana haki zake, usajili unamsaidia kuthibitisha. Haki hizo ni pamoja na kunakili, kusambaza, kukodisha, kuonyesha hadharani na kutafsiri. Hiyo ya kutafsiri isome mara mbili. Muvi zilizotafsiriwa zinazopendwa mitaani, yule anayeweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu ya Kikorea hapati umiliki wa filamu kwa kazi yake hiyo. Hata akikuuzia "kwa halali", amekuuzia kisicho chake.

Muda wa ulinzi ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mtunzi aliyefariki 1980, kazi zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2030. Kwa hiyo ule msemo wa "nyimbo za zamani hazina mwenyewe" uufute, hasa hapo Tanga. Taarabu za Black Star na Lucky Star zinaombwa sana na wazee, na hazijafika huko.

Mwanya wa matumizi binafsi upo. Mtu anayejinakilia mwenyewe kazi iliyotoka kihalali, nyumbani kwake, si sawa na duka. Wewe una bango nje na bei.

Adhabu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24. Anayetumia kompyuta kukiuka haki za ubunifu bila biashara, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ikiwa ni biashara, faini isiyopungua milioni 20 au miaka isiyopungua 5, au vyote. Flashi ya elfu chache uipime na hiyo.

Kwenye ubishi wa barazani, yule anayesema kunakili si wizi ana nusu ya ukweli. Sheria yenyewe haikiiti wizi, inakiita ukiukaji, kwa sababu aliyenakiliwa hakunyang'anywa nakala yake. Alichokosa ni mauzo, na haki ya kuamua kazi yake iende wapi na kwa bei gani. Kijana aliyetoka TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, na filamu fupi aliyoigharamia mwenyewe hana tamasha la kumlipa wala tangazo la redio. Nakala ndiyo duka lake. Ikipita kwenye flashi 300 Ngamiani kabla hajaiuza, hana tena cha kuuza.

Unaweza kubaki na meza ile ile ya mlangoni ukibadili unachorusha. Tafuta wasanii wa Tanga wenyewe, wa singeli, qaswida, taarabu, vichekesho, uandikiane nao karatasi moja: majina ya kazi moja moja (usiandike "nyimbo zangu zote"), aina ya faili, bei ya mteja, mgao, muda wa mkataba, eneo, na namna ya kuuvunja. Weka daftari la idadi, maana ugomvi wote huanzia kwenye idadi. Na muulize kwanza kama haki ziko kwake. Wengi wameshasaini na msambazaji na hawakumbuki walisaini nini.

Mdundo na Boomplay zinamfaa mteja mwenye simu yake: muoneshe jinsi ya kusajili na kupakua humo, umtoze ada ya kumsaidia. Usipakue wewe mara moja ukawarushia watu mia. Ruhusa ya mtumiaji mmoja haihami kwa mwingine. Hata kazi zenye leseni za Creative Commons, zile zinazogawiwa bure kwa masharti, zisome herufi zake: ikiwa na NC, huruhusiwi kuitumia kibiashara.

KahawaChungu

Naona wote mmelala upande mmoja. Hao wenye haki si malaika jamani. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye Windows zilijipachika programu iliyojificha ndani ya mfumo, bila kukuambia, ati kuzuia kunakili. Ilificha kila faili lililoanza na $sys$, watengeneza virusi wakaona mwanya, wakavipa virusi vyao jina hilo hilo vikajificha humohumo. Na walioumia ndio walionunua CD halali! Aliyepakua ya wizi alikuwa salama.

Na msisahau wamekuwa wakitaka majina ya watu bila kesi. Chama cha kampuni za muziki Marekani kilitaka Verizon, kampuni ya intaneti, itaje wateja wake kwa karatasi ya karani wa mahakama tu, bila jaji kupitia. Mwaka 2003 mahakama ya rufani Washington ikawakatalia. Ulaya nako 2011 mahakama yao kuu ilisema mtoa intaneti halazimishwi kuchuja mawasiliano ya wateja wote ili kusaka nyimbo. Mkikubali kila mtu achunguzwe kwa ajili ya muvi, kesho watachunguza barua za mapenzi.

Na bei? Mtu ana simu ya laki moja, bando la jero, hana kadi ya benki. Mnamwambia akajiunge na huduma ya dola?

Dunda_Sanaa

KahawaChungu, hayo ya Sony na Verizon ni kweli tupu na sina la kuyapinga. Msikilizaji asichunguzwe kwa kusikiliza. Ila uliyoyataja yote yanamkinga mtu binafsi nyumbani kwake. Duka lenye bei ukutani halina siri ya kulinda hapo. Siri iliyomo humo ni ya wateja, na huyo huyo muulizaji ameiweka kompyuta moja na kreki.

Bei ni hoja, na ndiyo sababu ya mkataba na wasanii wa karibu: wimbo wa shilingi 200 unaolipiwa kwa simu unamfikia mwenye bando la jero. Muvi za Hollywood kwa bei hiyo sina dawa yake.

Bi_Faili

Kaka Barabara12, nyaraka za wateja ndizo nilitaka kuziona zikizungumzwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu kwa kazi yake ana wajibu: achukue zinazohitajika tu, azitumie kwa kilichokusudiwa, azilinde, asizitunze kupita haja. Usajili unafanywa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Stesheneri nyingi hazijijui kama zinaguswa, lakini skani ya cheti cha kuzaliwa iliyobaki Desktop miaka miwili ni taarifa binafsi uliyoitunza bila haja.

Taarifa zinavuja wapi hasa kwenye stesheneri? Mara nyingi hata si kwa mdukuzi.

WhatsApp ya duka ndiyo ya kwanza. Mteja anatuma kitambulisho kiprintiwe, kinabaki kwenye gumzo, kwenye galari ya simu, na kwenye folda ya Downloads ya kompyuta. Sehemu tatu. Washa ujumbe unaojifuta kwa saa 24, zima kuonekana kwa picha kwenye galari, na Downloads ifutwe kila jioni kwa mkono. Na msiweke zile WhatsApp za kubandika mapambo: mwaka 2021 toleo moja la FMWhatsApp lilikutwa na kirusi cha Triada ndani yake.

Ya pili ni tovuti za bure za kupunguza PDF. Mifumo ya maombi inataka faili dogo, skani imetoka MB 6, kijana wa dukani anakipeleka cheti cha mtu kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe ni nani. Kazi hiyo inafanyika ndani ya kompyuta bila intaneti, kwa programu ya bure ya Ghostscript:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

Ikitoka bado kubwa weka /screen mahali pa /ebook, ila maandishi madogo ya cheti yanaweza kufifia, yasome kabla ya kutuma. Bora zaidi uskani kwa dpi 200 rangi ya kijivu tangu mwanzo; watu huskani kwa 600 halafu wanahangaika.

Ya tatu, nywila. Mteja akifungua akaunti yake, afungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari na aandike nywila yeye mwenyewe, kibodi iwe mbele yake. Kivinjari kikiuliza kuhifadhi, kizimwe kabisa kwenye mipangilio. Lile daftari la "nywila za wanafunzi" linalotunzwa chini ya kaunta kwa ajili ya wanaosahau, lichomeni moto. Anayesahau ataipata upya kwa simu yake. Na usimfungulie mtu akaunti kwa namba yako ya simu kwa sababu yeye hana salio.

Ya nne ndiyo ya aibu: kopi zilizoharibika. Cheti kimepinda kwenye printa, karatasi inatupwa kwenye boksi, boksi linauzwa, siku ya tatu mtu anafungiwa karanga kwa karatasi yenye namba ya NIDA ya jirani yake. Mashine ndogo ya kuchana karatasi, au zichanwe kwa mkono vipande vinne na zichomwe. Zikiwa tupu upande mmoja zisitumike tena kuprintia kazi ya mteja mwingine.

Na siku ukinunua mashine kubwa ya kopi iliyotumika, au kuuza yako, ujue nyingi zina diski ndani inayobaki na picha za kilichopita. Kwenye menyu ya msimamizi kuna sehemu ya kufuta diski. Ifutwe kabla haijatoka mlangoni.

Barabara12 (Tanga)

Nashukuruni sana. Amri ya fundi nimeiendesha: kompyuta mbili kati ya tatu zinaonyesha C:\ nzima. Kwa hiyo nafuta. Leseni tatu za Windows na Office sizimudu kwa sasa. Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, itakubali kwenye GB 4? Na CV za wateja zilizoandikwa kwa Word, je, hazitavurugika? Flashi za wateja nazo zimejaa zile njia za mkato, folda zimepotea, hilo ndilo linalotusumbua kila siku.

Fundi_Mabawa

C:\ nzima mara mbili, basi usiamini kitu chochote kwenye hizo mbili, na ya tatu nayo maana zinafunguliana. Kwanza chomoa waya wa rauta.

Linux Mint, toleo la Xfce, linakubali GB 4 vizuri. Kinachokwamisha mashine kama hizo ni diski ya kuzunguka. Ukipata hela kidogo weka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 kwenye kompyuta ya nyaraka kabla ya kuongeza RAM, utaona tofauti. Windows 10 yenyewe ilimaliza kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kubaki nayo kwa kreki ni hasara juu ya hasara.

Unahitaji flashi ya GB 8. Pakua ISO (faili la usakinishaji) kutoka tovuti ya Mint wenyewe kwenye kompyuta safi, kagua SHA256 yake (namba ya kuhakiki faili) ilingane na iliyoandikwa pale (faili likikatika kwa bando kuisha, usakinishaji hufia katikati na utadhani diski ni mbovu), iandike kwa Rufus au balenaEtcher. Washa mashine ukigonga F12, au F9 kwenye HP nyingi, uchague flashi. Ijaribu kwanza bila kusakinisha: unganisha printa, skani ukurasa, printi ukurasa. Kama printa yako haikubali, ujue mapema kabla hujafuta kitu. Za HP hutumia dereva ya HPLIP na mara nyingi huonekana zenyewe. Za Epson huenda ukahitaji dereva kutoka kwa Epson.

Mafaili unayotaka kuyaokoa, yatoe ukiwa ndani ya Mint hiyo ya majaribio. PDF, picha, docx. Usichukue .exe, .lnk (njia za mkato), .vbs, .scr wala .bat hata moja, na docm ziache, hizo zote zinaweza kubeba kirusi. Wakati wa kusakinisha, kwenye kompyuta ya nyaraka chagua kusimba diski nzima. Nywila yake iandike kwenye karatasi na uifungie nyumbani. Ukiisahau hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi usinipigie.

Kuhusu CV: LibreOffice inafungua docx, kinachosogeza mistari mara nyingi ni fonti. Aliyeandika ametumia Calibri, kompyuta haina Calibri, inaweka nyingine pana zaidi, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari mitatu. Weka fonts-crosextra-carlito, Carlito ina vipimo sawa na Calibri, na Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman. Baada ya hapo zitakazosumbua ni zenye majedwali ndani ya majedwali na visanduku vya maandishi. Mteja mwenye CV ya namna hiyo mwambie alete PDF. Unachokiandika wewe, kitoe PDF kabla hakijaondoka dukani.

Flashi. Kile kirusi hakifuti folda, kinazipiga alama ya kufichwa na ya mfumo, kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Mteja anabofya, kirusi kinaamka, folda nayo inafunguka ili asishtuke. Linux haijali ile alama ya kufichwa ya Windows, kwa hiyo ukichomeka kwenye Mint unaziona folda zote zimekaa. Wakati mwingine zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina, inaonekana kama nafasi tupu, ifungue. Futa .lnk zote, futa .vbs na .exe asizozijua mteja. Kwa mteja mwenye Windows nyumbani, alama iondolewe kwa amri hii, E ikiwa ni herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kompyuta ya mlangoni iwe hiyo ya kupokea flashi zote, Mint, bila waya wa intaneti na bila kufunguliana mafolda na zile mbili. Faili la mteja likishakaguliwa linahamia ndani kwa flashi moja ya duka, iliyoandikwa kwa wino, isiyotoka nje ya mlango.

Na hizo flashi unazouza tupu, zipime. Feki inasema GB 64, ndani ina GB 8, baada ya hapo inaandika juu ya vya mwanzo na mteja anarudi na wewe ndiye mwizi. Kwenye Mint weka f3, halafu, ukibadili NJIA kwa mahali flashi ilipofunguka:

f3write NJIA
f3read NJIA

Ya pili itakuambia ngapi zimesomeka sawa na ngapi zimeharibika. GB 64 kwa USB 2.0 inachukua saa kadhaa, iache usiku.

Barabara12 (Tanga)

Waya nimechomoa. Naanza na ya nyaraka kesho Jumapili, wateja wakiwa wachache. Hiyo SSD nitaiulizia mjini Jumatatu. Bi Faili, daftari la chini ya kaunta lilikuwepo kweli, umejuaje?

Bi_Faili

Lipo kila stesheneri, kaka. Angalia na nyuma ya kalenda, mara nyingi kuna la pili.